Fimbo Tatu za Barafu Zilizokwenda Igogo

Nilisafiri kwenda Mwanza kwa sababu baba yangu aliacha kula samaki. Najua hapa Njombe jambo hilo halimshtui mtu. Ninao majirani wanaomaliza mwaka kwa maharage na viazi na hawajawahi kulalamika. Lakini baba yangu ni Mjita. Alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Mara, amezeekea Igogo pale Mwanza, na tangu nipate akili sijawahi kumwona akila ugali kwa furaha kama hapakuwa na samaki pembeni. Kwa hiyo mdogo wangu Nyangeta, anayeishi naye, aliponipigia simu akasema, "Dada, Tata hataki hata kunusa sato," nilitafuta pa kukaa.

Tata ndivyo tunavyomwita. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono ulirudi nusu. Unanyanyuka na unashika kikombe, ila vidole havisikii kitu. Na Tata hakuwa mvuvi wa nyavu. Maisha yake yote alivua kwa mshipi, uzi mtupu alioupitisha juu ya kidole cha shahada, akitulia hadi samaki agonge. "Samaki haonekani," alikuwa akitwambia tukiwa wadogo. "Samaki anasikika." Sasa kidole kimekufa ganzi. Alijaribu mkono wa kushoto, akawa anavuta kila wimbi likipita, vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wakacheka, akarudi nyumbani. Nyangeta aliniambia kwamba tangu siku hiyo kiti chake, ambacho miaka yote kilikaa mlangoni kikitazama ziwa, amekihamishia uani, kikitazama ukuta wa jirani.

Kitinda mimba wetu, Masatu, anaishi Finland na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Huko maziwa huganda mpaka watu wakatembea juu yake, wakatoboa shimo, wakaketi na kuvua vijisamaki. Alipopata habari za Tata alifunga fimbo zake tatu za kuvulia kwenye bomba la plastiki, akampa mgeni aliyekuwa anakuja Njombe kwa mambo ya parachichi. Barafu ya kwao ilikuwa imeshayeyuka na fimbo hazikuwa na kazi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, ngumu ni ya samaki wakubwa, laini ni ya wadogo, na ya kati ni ya kati. Mchagulieni Tata moja." Nilizitoa nikazipanga kitandani. Hakuna hata moja iliyofikia urefu wa mkono wangu. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona huruma, kwa sababu nilijua mdogo wangu ametuma kitu pekee alichokuwa nacho.

Njombe, alfajiri. Shule zilikuwa zimefungwa, Juni imekolea, na majani ya uwanja wa stendi yalikuwa meupe kwa barafu. Mnaijua baridi hiyo, sina haja ya kuisimulia. Nilisimama kwenye mlango wa basi nikihangaika na zipu ya begi, vidole vikawa si vyangu tena. Nilikuwa natazama mkono wangu ukiikosa zipu, mpaka mama mmoja wa nyuma yangu akanifungia. "Pole mwalimu," alisema, "leo imetushika vibaya." Nilipanda, nikavikalia vidole hadi Makambako.

Dodoma tulilala. Aliyekaa jirani yangu, mzee wa Kigogo mwenye maneno mengi, alikuwa amelitazama lile bomba tangu Iringa akifikiri nimebeba filimbi za kwaya. Nilipomwambia ni fimbo za kuvulia samaki kwenye barafu, aliniuliza taratibu kama nimepata chakula. Siku ya pili tulipita Singida na Shinyanga, nchi pana ya mawe na ng'ombe, na mimi muda wote nikiwaza fimbo. Uamuzi nilikuwa nimeshaufanya kabla hatujafika Nzega. Tata alikuwa mtu wa sato wakubwa na sangara. Ningempaje mtu wa heshima yake ile fimbo laini, ambayo ncha yake inainama hata ukiipumulia?

Misungwi, jioni. Basi lilisimama, wauza michembe wakasogea madirishani na vifurushi vyao vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilinunua kifurushi kwa ajili ya Nyangeta, nikala nusu yake kabla hatujaondoka. Kuanzia pale hewa hubadilika. Wengine husema ni mawazo tu, lakini mimi pua yangu inalijua ziwa kabla macho hayajaliona, na safari hii moyo wangu uliogopa kufika.

Mabatini, mle Mwanza, nilipita kabla ya kwenda nyumbani, maana nilihitaji ndoano. Za Masatu zilikuwa zimebaki kwenye mkoba wa mgeni wa parachichi. Kuna duka pale la nyuzi, maboya na nyavu, na mwenye duka ni Mama Kulwa, mwanamke wa Kisukuma mwenye sauti ya kuita mtaa mzima. Nilizitandaza fimbo juu ya meza yake.

"Jamani dada," alisema akiinua ile laini, "hii ni ya samaki au ya kuchokonolea masikio?"

"Ni ya huko kwa wenye barafu. Nachagua moja ya baba yangu. Mkono wake mmoja haufanyi kazi vizuri."

"Pole sana." Aliipima ile ngumu mkononi, akaipiga mezani mara mbili. "Basi mpe hii. Hii ina uanaume. Sangara mwenyewe akija anaheshimu."

Nilifurahi kama mtu aliyesahihishiwa mtihani akapata yote. Aliniwekea ndoano ndogo na kubwa, kwa usalama, na vipande vya risasi vya kuzamishia uzi, akanisindikiza hadi barabarani akiwa bado anaicheka ile laini.

Igogo. Nilimkuta Tata uani, kiti kikitazama ukuta. Nilipiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo Tata."

"Marahaba Nyabise. Njombe hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Alikuwa amekonda shingo. Chakula kilipokuja, Nyangeta alimwekea mchicha, sisi tukala sato. Alikula bila kuinua macho. Nilitoa fimbo, nikamweleza zilikotoka. Alizitazama zikiwa zimelala mkekani, hakuigusa hata moja.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema.

"Nimeshakuchagulia, Tata. Hii."

Hakukataa, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amekubali.

Asubuhi tulishuka naye hadi kwenye mawe ya ufukweni, mimi upande huu na Nyangeta upande ule. Kuna jiwe moja la chini lenye mgongo bapa ambalo amelikalia tangu tukiwa watoto. Nilimshikisha ile fimbo ngumu mkono wa kushoto, ndoano na nyungunyungu wa chambo vikashuka majini. Tulikaa. Jua lilipanda na upepo wa Juni ukaamka, ziwa likaanza kupigapiga miamba. Mara kwa mara nilivuta uzi mimi mwenyewe nikakuta ndoano tupu. Samaki walikuwa wanakuja, wanakula na kuondoka, na ile fimbo yenye uanaume haikutikisika. Tata aliishika kwa nguvu akiwa amefumba macho, akisikiliza kwa mkono ambao haujawahi kufundishwa. Mwishowe aliilaza juu ya jiwe.

"Umeniletea kuni," alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Mchana ule nilikasirika, na sitaficha kwamba sikujua nimemkasirikia nani. Nilimpigia Masatu nikiwa jikoni, simu nikiwa nimeiweka sauti ya juu ili niendelee kumenya vitunguu.

"Umetutumia vijiti vya watoto," nilimwambia. "Tata hasikii kitu. Samaki wanamla nyungunyungu wanaondoka."

"Mmempa ipi?"

"Ile ngumu. Ulitaka nimpe ile ya kuchokonolea masikio?"

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Dada, wewe si unakaa Njombe? Huijui baridi? Mimi nikikaa pale barafuni, vidole vyote vinakufa. Sisikii uzi, sisikii hata fimbo yenyewe. Hakuna mtu huku anayesikia kitu. Ndiyo maana ile ncha ni laini na imepakwa rangi nyekundu. Naiangalia tu. Samaki akipumua, yenyewe inainama."

Nilisimama na kisu mkononi. Nilikumbuka ile zipu ya begi kwenye stendi, mkono wangu ukiikosa huku nautazama. Siku mbili tu zilikuwa zimepita, nikiwa na jibu ndani ya vidole vyangu, na bado nikabeba kuni hadi Igogo.

Dirisha la jikoni linatazama uani. Nilipogeuka nilikuta Tata amegeuza kichwa.

"Masatu naye hasikii?" aliuliza.

"Hasikii, Tata. Vidole vinakufa ganzi kwa baridi."

"Na anapata samaki?"

"Si unaona picha anazotuma?"

"Nilidhani ananunua."

Masatu alisikia kule kwenye simu, akaguna. Tata hakucheka. Aliurudia ukuta wake, akautazama muda mrefu, mkono mbovu ukiwa juu ya paja. Nilishamaliza vitunguu niliposikia akisema, kama anayeongea na mtu mwingine, "Kesho twende mapema, kabla upepo haujaamka."

Kesho yake ziwa lilikuwa limetulia kama chai kwenye sahani. Alikaa kwenye jiwe lake, fimbo laini mkono wa kushoto, uzi ukishuka wima pembeni ya mwamba ambako furu hujificha. Furu ni vijisamaki vya kidole. Tata enzi zake alikuwa akiwarushia paka. Haikupita muda ile ncha nyekundu ikainama, mara moja, ikanyooka. Nyangeta alitaka kupiga kelele, nikamfinya. Ikainama tena. Tata hakuvuta. Macho yake yalikuwa yanaiona wazi, lakini yeye bado alikuwa anangoja kidole kimwambie. Nilitamani kumshika mkono nimvutie, nikajizuia, na ilikuwa kazi ngumu kuliko yote ya safari ile. Nyungunyungu waliliwa mmoja baada ya mwingine. Nikaweka mwingine, kimya.

Ncha ilipoinama tena, kiwiko chake kiliinuka kidogo, kwa woga, kama mtoto anayenyoosha mkono darasani. Furu alitoka majini akimeta.

Nilisogea nimtoe samaki kwenye ndoano, Tata akanizuia kwa bega. Aliinua mkono wake wa kulia, ule usiosikia, akaukunja polepole kumzunguka yule samaki huku akiutazama ili usimwachie, na kwa mkono wa kushoto akamtoa ndoano. Nyangeta alikuwa analia waziwazi. Mimi nilijifanya naangalia magugu maji.

Nyumbani furu yule alikaangwa peke yake kwenye kikaango kikubwa. Tata alimla na kichwa chake, akaomba ndimu.

Lakini kiti hakikuondoka ukutani. Nilikaa siku zangu zilizobaki, tukashuka ziwani asubuhi nyingine, siku moja akapata na siku nyingine akakosa, na kila tuliporudi aliketi palepale uani. Niliaga na kiti kikiwa bado kinatazama ukuta wa jirani. Iliniuma, nikawa nimejipanga kumwambia neno, na nilipopiga magoti kuaga sikulisema.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, ila bomba lilikuwa jepesi. Fimbo ya kati niliiacha kwa Nyangeta. Ile ngumu nilirudi nayo, na mkija kwangu mtaiona shambani ikishikilia mche wa njegere. Kati ya Shinyanga na Singida nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza, na nililolipata ni hili tu: nilikuwa nimeichagua fimbo kwa heshima ya baba yangu, si kwa mkono wake. Nilimtafutia kitu cha yule mtu niliyemzoea, wakati aliyeketi uani alikuwa mwingine, na ndiye aliyekuwa na njaa.

Njombe nilifika kwenye baridi ileile. Wiki iliyofuata nilikuwa nje, najaribu kufungua kufuli la darasa kwa vidole visivyosikia, simu ikaita. Alikuwa Nyangeta.

"Dada, njoo uondoe kiti. Mzee amekirudisha mlangoni, hatuna pa kupita."

"Nani kamsaidia kukibeba?"

"Nitajuaje? Nimeamka nimekikuta. Haya, tuko huku ziwani, anataka kuongea na wewe."

Tangu augue, Tata hakuwahi kuomba simu. Nilisikia ikipokezwa, ikigongana na kitu, kisha pumzi yake, na nyuma yake maji yakipiga mawe.

"Nyabise."

"Shikamoo Tata."

"Marahaba. Mwambie Masatu." Ziwa liliendelea nyuma yake. "Leo wamegonga tangu alfajiri. Nimewaona."