Kikombe cha Angeline

Kabla hawajamwita mchawi, Angeline alikuwa muuza maziwa wa Kashojwa, hapa kambini kwetu wakimbizi, na watoto wengi wa mtaa wetu wamekua kwa maziwa yake. Ng'ombe wawili tu, lakini alivyowatunza ungedhani ni wakwe zake. Alitoka Kivu Kusini amembeba mgongoni Liliane, mtoto wa marehemu mdogo wake, na yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Mimi ni jirani yake, Mrundi, Mkatoliki, kwa hiyo kanisani kwao sina sauti. Hapa ninayo, na nitasema.

Kwao, mgeni asiyewafahamu vizuri akipewa maziwa, mwenye nyumba hupiga funda moja kwanza mbele yake ili ajue hamna sumu. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Yeye hupewa kikombe akanywa, basi.

Liliane alipokuwa msichana mkubwa, usingizi ulianza kumtesa. Anafumbua macho, anaona paa, anasikia kuku nje, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kifuani kuna uzito kama gunia la mahindi. Hata akijilaza mchana ilimpata. Akaenda kwa wanamaombi wa kanisa lao. Hao wana swali moja wanalomuuliza kila anayekabwa usingizini: ulimwona nani? Anayetajwa ndiye mchawi, hakuna kesi nyingine.

Msichana hakusema uongo. Alisema alichokiona.

"Nilionaka mama mukubwa," alisema. "Alikuwa ananiinamia, mikono yake hapa ku mabega."

Pasta Sebagabo alimtenga Angeline na meza ya Bwana, akaagiza Liliane ahamie kwa mama mmoja wa maombi. Angeline alipofungua kinywa ajieleze, waumini waliambiwa wasimsikilize, eti mchawi hakosi maneno matamu. Tangu siku hiyo akanyamaza, hata kwangu. Wateja wakapotea, maziwa yakagandia kwenye vibuyu. Mimi niliendelea kuyanunua, na nilimkasirikia kwa ule ukimya wake. Mpaka leo sijapoa.

Kule kwa wanamaombi hali ikazidi. Msichana alikabwa karibu kila alipolala. Wakasema mchawi amekasirika, wakamfungisha mfungo mkavu, hata maji marufuku, mpaka akaanguka bombani. Mimi na Angeline tukampakia kwenye gari la kwenda hospitali ya Mbarara. Njia nzima Liliane aliniegemea mimi, akimgeuzia mgongo mama yake mkubwa.

Daktari alimtundikia dripu, kisha akasikiliza habari ya kukabwa bila kushtuka. Alisema huwapata watu wengi, hasa waliochoka au wanaolala vibaya: macho yanaamka, mwili bado umelala, na woga unafanya mengine. Mara nyingi mtu akiguswa, huachiliwa. Akauliza nyumbani ni nani alikuwa akimwamsha.

Hapo ndipo Angeline aliposema.

"Ni miye. Nikisikia anagugumia mu usingizi, nilikuwa naamuka, namutingisha ku mabega mpaka anarudi."

Liliane alijifunika uso kwa shuka. Mimi nililia, tena kwa hasira. Miezi yote ile wanamaombi waliuliza nani alionekana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza alikuwa akifanya nini pale kitandani.

Maneno ya daktari yalifika kanisani, na Jumapili iliyofuata Pasta Sebagabo alisimama akatangaza kwamba kanisa limemsamehe Angeline. Kosa gani, hakusema. Waliponisimulia nilitema mate chini. Wateja nao walirudi na vyombo vyao, wakichekacheka kama watu waliokuwa safarini.

Liliane alirudi jioni hiyo hiyo, akapiga magoti mlangoni na kuomba radhi. Nilikuwepo. Angeline alimwinua, akamwambia aketi, akamimina maziwa kwenye kikombe kile kile cha bati alichomlelea. Msichana akanyoosha mikono miwili kupokea.

Angeline hakumpa. Alikipeleka kikombe mdomoni mwake mwenyewe, akapiga funda, akameza taratibu huku mtoto wake akimtazama, ndipo akamkabidhi.