Kioo cha Bluu Nilichomwekea Mama

Jamani, haya sijawahi kuyasimulia nikiwa nimeinua uso, na hata sasa naomba msinitazame sana, kwa sababu aibu nyingine mtu huizoea lakini hii yangu imekataa kabisa kuzoeleka.

Mama yangu aliuza samaki pale Bwawa la Mtera maisha yake yote, perege wa kukaanga na wa kukausha, beseni kichwani, mpaka miguu ikagoma akawa wa kubebwa. Mimi natunza stoo kwenye ofisi moja Dodoma mjini (msidhani ni cheo, ila kijijini waliniita bosi nami sikuwasahihisha), nikaamua kumwongezea chumba kwenye nyumba yake, kinachotazama bwawa, ili siku zake zilizobaki azimalize akiyaona maji yaliyotulisha. Nia ilikuwa njema. Hilo tu mniachie.

Msingi ulipokwisha, Fundi Chilongani akanipigia simu. "Bosi, nimemwuliza mama, ameomba kidirisha cha kawaida cha kufunguka, kiwe usawa wa kitanda. Anasema anataka kuwasalimia wenzake wakipita na samaki."

Nikacheka. Kidirisha! Mimi nilikuwa nimeshaona zile nyumba mpya za mjini, ukuta karibu wote kioo, tena kile cha bluu ambacho ukiwa nje unajiona mwenyewe huku aliye ndani anakuona wewe, nikamwambia aweke kioo kimoja kikubwa kisichofunguka, na pazia asiweke maana litaficha bwawa. Akasema huku majini kuna fukuto, wakati wa mvua mama atachemka humo ndani. Nikamjibu, "Wewe jenga." Maneno mawili tu, na ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Siku mama alipoingizwa chumbani aliniuliza swali moja. "Mwanangu, hawanioni?"

"Mama, wewe utawaona, wao hawakuoni kamwe. Niamini."

Akaniamini.

Basi nikaandaa ibada ya kubariki chumba, nikaalika katekista, kwaya na majirani, na viti nikavipanga uani vitazame dirisha (ndiyo, vililigeuzia bwawa mgongo, nilitaka kazi yangu ionekane). Wanawake walipofika walijitazama kwenye kioo, wakarekebisha vilemba, wakataniana, na mimi kichwa kikavimba. Tulipanga mama atolewe nje mwishoni, apokee baraka mbele ya watu.

Huko ndani, kumbe, fukuto lilikuwa limemshinda. Gauni lake la sherehe liliganda mwilini kwa jasho, na dada yangu Nyemo, ambaye ndiye aliyemtunza miaka yote mimi nikiwa mjini naitwa bosi, akaona haiwezekani mama atoke vile, akaleta maji ya vuguvugu amwogeshe upesi. Mvuke ukakitia kioo ukungu, naye akakifuta kwa taulo ili mama aendelee kuwaona wageni wake. Halafu wingu zito likaja kutoka ng'ambo ya bwawa, saa tisa mchana kukawa giza, dada akawasha taa.

Mimi wakati huo nimeshika kipaza sauti, mgongo kwenye dirisha, nahutubia. "Mama yetu anatuona sote hapa, ingawa sisi hatumwoni!" Kwaya iliyokuwa ikinisindikiza kwa sauti ya chini ikanyamaza katikati ya pambio. Mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge, mwingine akainama, na mimi (mjinga mimi!) nikadhani hotuba imewagusa, nikaongeza sauti.

Katekista akainuka. "Wanaume wote, geukeni mtazame maji! Sasa hivi!"

Nami nikageuka, ila upande usiotakiwa.

Sitawaambia yote niliyoyaona. Mama alikuwa kwenye kigoda, povu mabegani, macho ameyaelekeza kwetu kama anayetafuta kitu, maana kioo kile, nilikuja kuelezwa baadaye, humfichua aliye kwenye mwanga, na sasa mwanga ulikuwa kwake, kwa hiyo sisi tulimwona yeye naye alijiona mwenyewe tu. Kwetu mtoto kumwona mama yake hivyo ni jambo lisilotajwa, na mimi nilikuwa nimelipangia viti.

Wauza samaki wenzake ndio waliokimbia. Walivua vitenge na khanga za mabegani, wakasimama bega kwa bega mbele ya kioo wamevitandaza, mvua ikaanza kuwapiga, hakuna aliyesogea mpaka dada alipostuka na kuzima taa. Mimi nilibaki nimesimama na kipaza sauti mkononi.

Nilipoingia, mama alikuwa amefunikwa blanketi. Hakunifokea, na laiti angenifokea. Alisema tu, "Uliniambia hawanioni."

Hakulala tena chumba kile. Aliomba arudishwe chumba cha nyuma, kisichoona maji wala njia. Nikaahidi kutoa kioo na kumwekea kidirisha alichotaka nikirudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi aibu ikanishika miguu, nikatuma udhuru, na mwezi uliofuata hivyohivyo, mpaka Nyemo aliponipigia simu asubuhi moja akilia, nikajua kabla hajasema. Mama yangu alikufa akiwa ametazama ukuta.

Baada ya mazishi kioo kilitolewa, Fundi Chilongani akaziba ukuta na kuacha kidirisha kidogo cha mbao, usawa wa kitanda. Kesho yake niliketi pale alfajiri nikakifungua. Wanawake walikuwa wanapita na mabeseni yao, na walipofika usawa wa nyumba yetu kila mmoja aligeuzia uso majini, kwa heshima ya mama, mazoea waliyoanza siku ile ya ibada na hawajayaacha. Niliwaamkia, wakaitikia bila kunitazama.

Tangu hapo nimeapa, simpi mtu kitu kabla sijamwuliza anataka nini, na akijibu nanyamaza. Fundi, mtu baki, alimwuliza mama yangu. Mimi aliyenizaa sikumwuliza.