Sombe ya Kununua

Siku niliyomkuta mama yangu sokoni akinunua sombe, nilijificha nyuma ya meza ya muuza chumvi mpaka akaondoka. Hakuwa anafanya jambo la aibu. Kamina nzima inakula sombe, haya majani ya mihogo, na sisi wa mjini, tulioshika cherehani badala ya jembe, tunayanunua bila kujiuliza. Lakini mama yangu ni mkulima, mtoto wa wakulima, na maisha yake yote sombe ilikuwa kitu cha kuchuma, kama maji ni kitu cha kuchota. Nilimwona akigeuzageuza fungu na kuomba apunguziwe kwa sauti ndogo, kitambaa cha kichwa kimevutwa mpaka kwenye nyusi. Aliyekuwa anamuuzia ni mke wa askari wa kambini, mtu asiye na hata shamba. Hapo nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniishia, na haya nayaandika nikiwa nayo.

Kijiji cha mama na shamba lake viko nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kaniama. Nusu ya shamba ilikuwa mahindi, nusu mihogo. Mahindi yalikuwa ya kuuza na kidogo ya kula. Mihogo ilikuwa ya kungojea. Kwetu mtu hang'oi shamba zima la mihogo kwa mara moja. Unang'oa shina hapa, shina pale, kwa kadiri ya chungu cha siku hiyo, na mengine unayaacha ardhini mwaka mzima, hata zaidi. Inapofika miezi ya mvua kubwa, mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado machanga, ndipo watu wanapogeukia upande ule. Ghala letu lilikuwa chini ya udongo, halina mlango wala kufuli, na kila mwaka lilituvusha.

Kisha serikali ya jimbo ikaleta mpango wake. Mama alinivuta mkono twende uwanjani kusikiliza, na kweli kulikuwa na mengi ya kusikiliza: muziki, spika kubwa, tisheti za bure zenye sura ya mkubwa wa jimbo mwenyewe. Mkubwa akapanda jukwaani akasema kwamba trekta zitalima mashamba yetu bure, mbegu bure, mbolea bure, na mavuno yote yatanunuliwa na Leta, yaani serikali, kwa bei ambayo mfanyabiashara yeyote hajawahi kuitaja. Mtu mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti pesa zitatoka wapi. Mkubwa hata hakukasirika. Alicheka, akasema benki imekubali kukopesha.

“Baba na bamama,” akasema, “ile deni ni ya Leta. Haiko ya kwenu. Mulime tu.”

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameshavaa tisheti juu ya blauzi yake na kiuno kilikuwa kinacheza peke yake.

“Mama,” nikamwambia sikioni, “Leta ni nani?”

“Leta njo Leta,” akajibu, yaani Leta ni Leta tu, bila kuacha kucheza.

Sharti lilikuwa moja. Trekta haizungukizunguki mihogo. Shamba lilitakiwa liwe safi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Basi watu wakang'oa. Waling'oa wote, majuma yaleyale, mihogo iliyokomaa na ile isiyokomaa, mpaka soko likafurika na mihogo ikawa chakula cha mbuzi. Na hapo ndipo lilipofanyika kosa lenyewe, ambalo naona uchungu hata kulieleza. Anayeng'oa mihogo hukata miti yake, huifunga mafungu na kuisimamisha kivulini, miguu ya fungu ikiwa kwenye udongo wenye unyevu. Hiyo ndiyo mbegu. Mihogo haina mbegu nyingine, wala duka. Lakini mwaka ule nani angefunga mafungu ya miti, na angeipanda wapi, wakati kila kipande cha ardhi kimeahidiwa trekta? Walirundika miti pembezoni mwa mashamba wakaichoma.

Nilimsihi mama aache hata kipande kule kwenye kichuguu, ambako trekta isingeweza kupita. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

“Weye utawaza kimasikini mpaka lini?” akaniuliza.

Miti ile ilikuwa ya aina yenye vikonyo vyekundu, ambayo aliipata kwa mama yake mzazi, naye aliipata kwa wake. Iliwaka kwa shida, kwa sababu ilikuwa mibichi. Moshi wake ulituuma macho jioni nzima.

Nisiseme uongo: msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Trekta zilikuja, mbolea ikaja kwa wakati, mahindi yakawa marefu kuliko watu, na lori la Leta likachukua kila gunia na kulipa papo hapo. Mama akaezua nyasi akaweka mabati. Harusi zikafuatana, na mimi nikashona mpaka mgongo ukakataa. Kila aliyeniletea kitambaa aliniletea pesa zilezile za benki, nami nilizipokea kwa mikono miwili kama kila mtu. Watu walimtaja mkubwa yule kwenye sala zao, na mama alikuwa wa kwanza.

Msimu wa pili trekta zikawa chache, na mbolea ikafika mahindi yameshakuwa ya manjano. Hata hivyo tulivuna. Tukaambiwa tupeleke magunia kwenye bohari karibu na stesheni, lori linakuja. Tukangoja. Wafanyabiashara wa kutoka Lubumbashi, ambao zamani walikuja wenyewe na malori yao, walikuwa wameshaacha njia yetu, maana nani angeshindana na bei ya Leta? Magunia yakakaa. Siku moja mama alifungua gunia lake kuonja hali, akatia mkono, ukatoka na unga mwepesi na wadudu wa dumuzi wakitembea juu ya vidole.

Ndipo maneno yakaanza kutoka kidogo kidogo, redioni, kanisani, kwa watu wanaofanya kazi za ofisi. Benki ilikuwa inadai. Pesa zinazotoka Kinshasa kwa ajili ya jimbo zilikuwa zinapita benki kwanza, na huko hazitoki. Wauguzi hawakupata chao, na barabara ya kwenda Malemba-Nkulu ikabaki mashimo. Na Leta, kwa kuwa lazima ipate mahali, ikaweka vizuizi barabarani, zile barrière: gunia likipita lilipe, mkaa ulipe, baiskeli ilipe, hata meza yangu ya cherehani ikapandishiwa kodi. Mkubwa aliyekopa akaondolewa, akaja mwingine, akasema deni lile yeye hakulikuta mfukoni mwake. Aliyekopa alikwenda, deni likabaki kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilikuwa na mama shambani siku aliyosahau. Ilikuwa miezi ya mvua kubwa, na nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kukung'uta. Alichukua jembe na kikapu, nikamfuata nikidhani tunakwenda kupalilia. Akatembea moja kwa moja mpaka upande wa mihogo, kama miguu yake ilivyozoea tangu utotoni, na alipofika akasimama. Mbele yetu kulikuwa na mahindi mafupi yasiyobeba kitu.

“Nilisahabu,” akasema.

Hakulia. Aliinama akang'oa magugu, asirudi bila kufanya kitu, akayatia kikapuni. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na nashukuru sikuyasema.

Kwetu miti ya mihogo haiuzwi. Anayeng'oa humpa anayepanda, na anayepanda mwaka huu atampa mwingine mwaka ujao. Lakini ili upewe lazima awepo mwenye nayo. Mama alizunguka kijiji kizima akiuliza, na kila nyumba ilikuwa imechoma kama yeye. Watu waliulizana hivyo hivyo, wakipishana njiani, wote wakitafuta kitu walichokitia moto kwa mikono yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu: mabati hayaliwi, na bila ile miti mama yangu asingekuwa mkulima tena. Angekuwa mama mzee anayengoja nimletee unga.

Basi ndio tunarudi sokoni, siku ile nilipojificha. Jioni nilikwenda kwake nikijifanya sikuona kitu. Alikuwa amekaa mbele ya fungu lile la sombe, hajalitwanga. Alikuwa anashika vikonyo kimoja kimoja.

“Hii sombe iko yangu,” akasema.

Nilidhani njaa imemfika kichwani. Akaniinulia kikonyo: chekundu, wekundu ule ule. Ndipo akanikumbusha. Miaka mingi nyuma, mke mmoja kijana wa askari, mgeni kutoka kule jimbo la Équateur, Kiswahili chake bado kimechanganyika na Lingala, alipita shambani kwetu akaomba miti. Mama alimpa mzigo mzima, na alipoondoka tukamcheka sana. Atapanda wapi, mama aliuliza, ndani ya viatu vya mume wake? Kumbe ndiye huyu muuzaji wa sokoni, na alipanda nyuma ya nyumba za kambi, kwenye kipande chembamba ambacho hakina mwenyewe. Mpango wa trekta haukumfikia, kwa sababu Leta haikuwahesabu wake wa askari kuwa wakulima. Hakuna aliyemwambia ang'oe.

Tulikwenda kwake kambini kesho yake. Mama, ambaye huwa haishiwi maneno, alikaa kwenye kiti alichopewa akaanza kuuliza hali ya watoto, mmoja baada ya mwingine, kisha akawarudia upya. Mwenyeji alimwangalia, akaangalia panga lililokuwa miguuni pake, akaelewa. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti.

“Franga te, mama,” yule mwanamke akasema, akizirudisha noti mkononi mwa mama. “Weye ulinipa bule. Kuya ukate.”

Hapo ndipo mama alipolia. Alilia kwa sauti, mbele ya nyumba za watu, na mimi nikalia naye, nikiwa na hasira na furaha kwa wakati mmoja, na sikujua ipi inanitoa machozi zaidi.

Tulipanda. Ilichukua muda, maana mihogo haikimbizwi, na kwa miezi mingi mama aliendelea kununua. Siku aliyochuma sombe yake ya kwanza alinitumia imefungwa kwenye kitambaa, nikaila bila hata samaki. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Juzi muziki umerudi uwanjani. Mkubwa mpya, yule aliyesema deni si lake, amekopa lingine: sehemu ya kulipia la zamani, sehemu ya kuwafurahisha wananchi. Trekta tena, mbegu tena, tisheti zenye sura nyingine. Shamba liwe safi. Niliacha suruali ya mteja nusu imeshonwa, nikapanda baiskeli kwenda kwa mama nikiwa nimejiandaa kugombana, nikamkuta ameshajiandikisha.

“Mama, ulisahabu?”

“Sikusahabu. Ikala, usikilize.” Aliniambia nikae kama nilipokuwa mtoto. “Ile deni ya kwanza, nani alilipa? Njo miye. Kila gunia, kila baiskeli kwa barrière. Na hii ya sasa, nikijiandikisha ntalipa, nikikatala ntalipa. Sasa juu ya nini nilipe bila kula?”

Nilizoea kufikiri kwamba watu wetu wanadanganywa kwa sababu hawaelewi, na wazo hilo lilinifariji, maana asiyeelewa anaweza kueleweshwa. Lakini mama anaelewa. Kila aliyesimama kwenye mstari wa kujiandikisha anaelewa, anajikatia kipande chake cha mkopo kabla haujaisha, na kwa hesabu ya nyumba yake hakosei. Hilo linanitisha kuliko benki.

Kabla trekta haijafika, mama alikata miti yake yote iliyokomaa, tukaifunga kwenye baiskeli yangu na kuisukuma mpaka kambini. Yule mwanamke alitupokea mlangoni, mtoto mgongoni. Alituangalia, akauangalia mzigo, akasaidia kuushusha.

“Uniwekee,” mama akamwambia. “Leta asijue.”

“Ntapanda pamoja na yangu, mama.”

Mama akaanza kuondoka, kisha akarudi. “Sikiya. Nikikuya na njaa, unipe. Lakini nikikuya na ile tisheti yabo, naimba, nakuambia ung'oe na weye, unikatalie. Hata nikikasirika.”

Mwenzake alicheka. Mama hakucheka, alimshika mkono, akangoja mpaka aahidi.