Gari Moshi la Dunguni

Shida yangu ilianza mwaka 1948, nikiwa na miaka ishirini na minne. Mke wangu alifariki, akaniachia binti wa miaka mitano na mvulana wa mitatu. Wakati huo nilikuwa mkata mkonge upande wa Korogwe. Nikaacha kazi, nikarudi Handeni kulima mtama, maana kwenye mkonge mtoto humweki.

Darasani sikukaa. Kulea nimejifunza kwa kulea.

Kwetu Wazigua mtoto ni wa ujombani. Arobaini ilipopita, shemeji yangu, kaka wa marehemu, akaleta habari kutoka Kerenge: mtama ukianza kukomaa anakuja kuwachukua wanangu. Kisimani wakasema afadhali, mwanamume atawaogeshaje watoto? Nikawaacha waseme. Wangu walikuwa wanaoga.

Siku moja niliwapeleka Korogwe, mdogo begani, kununua chumvi kwa Mhindi na kuona gari moshi. Lilipopiga honi, mdogo akanikojolea shingoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi gari moshi likahamia shambani. Nilikuwa nimejenga dungu, kile kichanja cha kukaa juu kuamia, kufukuza ndege wasile mtama, na kamba zimetoka pale hadi pembeni mwa shamba, zimefungwa madebe makuukuu. Nilipowaamuru watoto wavute kamba, walichoka upesi. Nilipowaambia dungu ni gari moshi na madebe ndiyo honi, wakagombania udereva.

Shemeji alipofika alinikuta chini ya dungu, nimelala, nimefunikwa majani.

"Shemeji, unaumwa?"

"Mimi mzigo."

"Mzigo?"

"Wa chumvi. Usinikanyage."

Akafura. "Ndege wanamaliza mtama, mtu mzima kajilaza! Nguo za watoto ziko wapi? Tunaondoka sasa hivi."

Sikuinuka. Binti akachungulia kutoka juu.

"Shikamoo mjomba. Una tiketi?"

"Marahaba. Tiketi ya nini?"

"Chuma jani. Bila jani hupandi."

Shemeji akanitazama. Nikafumba macho, mzigo hausemi. Akachuma jani, akapanda.

"Vuta, mjomba! Ndege hao!" mdogo akapiga kelele. Shemeji akavuta, madebe yakalia, kundi zima likatawanyika. Akavuta tena. Alivuta mpaka jua likapoa, na dereva alimfukuza kazi mara moja kwa kusinzia.

Aliposhuka hakuuliza nguo. Alizunguka shamba, akishika mashuke, mengine akiyafikicha kiganjani. Punje zilikuwa zimejaa.

"Wangu nawachapa ndiyo waende kuamia," alisema, "na bado wanatoroka. Mtama wangu nusu umeliwa."

"Huchezi nao," nikamwambia.

"Kelele, mzigo wewe." Akapangusa mikono. "Wabaki. Ila tukishavuna, uwalete ujombani wakae mpaka mvua. Na uje nao mwenyewe, nisije nikaulizwa tiketi kwangu."

Niliwapeleka, na kila mwaka baada ya hapo. Wakakua mikononi mwangu, hakuna aliyekuja kuwachukua tena.

Leo nina nyumba ya bati, ng'ombe kumi na mmoja, michungwa, cherehani, baiskeli mbili, na shamba lile lile. Binti yangu amejenga jirani, mdogo wake ng'ambo ya kijito. Dungu nimelijenga upya. Wajukuu wamelishika, na mimi bila jani hawanipandishi.