Kitambaa cha Altare

Kwa miaka sita Kavindu alikuwa akifua vitambaa vya altare ya kanisa lao pale Umoja, na kila Ijumaa alivianika peke yake, mbali na nguo za nyumbani. Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na saba alisikia makelele ya mwizi, akatoka mbio na povu mikononi. Mwanamume mwembamba alikuwa chini, mdomo umepasuka, amekibana kitambaa cheupe kwapani. Mtu alikuwa tayari anaviringisha tairi.

"Mama Mwelu," jirani yake Owino akamwuliza Kavindu, "hiki si cha kanisa?"

Mwezi uliopita walimchoma mwingine papo hapo, naye Kavindu akajifungia ndani akisali rozari.

"Ni cha kanisa," akasema. "Huyu nimemtuma akipeleke. Mwacheni aende."

Watu wakanung'unika, wakampisha. Mwizi akashika njia ya kanisa na kitambaa chake, na kitambaa hakikufika.

Wiki nzima Kavindu hakutulia. Alikuwa amedanganya hadharani, tena kwa jina la kanisa. Jumamosi ya wiki iliyofuata akapiga magoti kwenye kitubio, akaeleza yote.

"Unajuta?" padri akauliza.

Kavindu akaifungua leso yake, akaifunga tena. Bila majuto hapati maondoleo, na bila maondoleo kesho atabaki kwenye benchi wenzake wakienda kukomunika.

"Kitambaa nakijutia, Padri," akasema. "Uongo, bado."