Kishikio cha Kuzimia Injini

Lori la baba lilinizidi umri, na kwa miaka mingi niliamini kwamba lilinizidi akili pia. Lilikuwa na pua ndefu, taa mbili za duara, na bodi ya mbao ambayo baba aliipaka rangi ya kijani kila Desemba, hata mwaka ambao nyumba yenyewe haikupakwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kubeba kuni za mikaratusi kutoka mashamba ya kwetu upande wa Merigi hadi kiwanda cha majani chai ng'ambo ya mto, kwa ajili ya boila ya mvuke wa kukaushia chai. Kati ya kwetu na kiwanda kuna mteremko mrefu wa murram, udongo mwekundu wa kokoto, unaopinda mara mbili katikati ya mashamba ya chai. Chini yake kuna daraja jembamba la zege lisilo na kingo.

Kila dereva wa huku ana namna yake ya kushuka pale. Ya baba ilikuwa kuzima injini. Akifika juu, pale barabara inapoanza kuinama, aliweka nyutro, bila gia yoyote, akavuta kishikio cheusi kwenye dashibodi kinachokata mafuta, na lori likateremka lenyewe kwa breki tu. Alikuwa akiokoa dizeli. Alianza mtindo huo akiwa bado dereva wa watu, na wenzake wa rika lake wote walifanya hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemkataza. Breki za lori lile zilikuwa za kizamani, za nguvu ya mguu pekee. Injini iwake, injini izimwe, kwazo yalikuwa mamoja. Mguu wa kulia wa baba ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na sisi watoto tulimcheka kwa hilo, naye akacheka nasi.

Mimi ni fundi wa magari. Nasema mapema kwa sababu watu wakimwona mwanamke ndani ya ovaroli huuliza fundi yuko wapi, na swali hilo limenichosha. Nilisomea kazi hii chuoni, nikaajiriwa katika gereji moja mjini Kericho, na injini ya lori la baba ilipopasuka bloku, mimi ndiye niliyekataa liuzwe kama vyuma chakavu. Mama alitaka liuzwe. Alisema baba amezeeka, apumzike, achunge ng'ombe wake. Nilimjibu kwamba baba bila lori atakuwa mgonjwa kabla ya mahindi kukomaa. Nilijiona nimesema jambo la busara sana.

Injini mpya tuliipata kwa muuza vyuma. Ilitoka kwenye lori la Kijapani lililopinduka, la juzi juzi tu, lenye tabo ya kuongeza nguvu, na kabini yake ilikuwa imebonyea hadi kwenye usukani. Chini ya kiti nilikuta kandambili moja ya mguu wa kushoto na punje za mahindi zilizoanza kuota. Nilimuuliza muuzaji kama dereva alipona. Akaniambia yeye anauza vyuma, hauzi habari. Baba hakutaka hata kuitazama ile kandambili. Mimi nilimwona mshamba anayeogopa mikosi, nikaitupa kando na kuendelea kufungua boliti.

Nilichukua likizo ya mwezi mzima. Tulitundika injini kwenye mnyororo chini ya mti, tukakata vishikizo vya zamani vya kuikalisha injini, tukachomelea vipya. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ilikuwa ndefu kwa upana wa kiganja, ikabidi niibebe hadi Kericho ikakatwe na kusawazishwa. Gia ziliingia, difu ya ekseli ya nyuma ikaingia. Kwa kuwa injini mpya ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya zamani, nilihamisha na breki za lile lori la Kijapani, breki zenye busta inayousaidia mguu. Kila alasiri mvua ilitufukuza saa nane, tukakaa barazani tukinywa chai na kulitazama lori likiwa limefunuliwa kifua. Nilikuwa na furaha mwezi ule. Sitaki kusema uongo juu ya hilo.

Baba aliniomba kitu kimoja tu, kwamba dashibodi isiguswe. Alitaka saa zake zilezile za mwendo na mafuta, kibonyezo chake kilekile cha kuwashia, na kishikio chake cheusi. Nilivuta waya mpya kutoka kwenye kishikio hadi kwenye pampu ya dizeli, nikaufunga vizuri, na ulipofanya kazi mara ya kwanza baba alinishika bega. Hakuna kazi niliyojivunia kama ile.

Lakini busta hulishwa na pampu ndogo inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, unabaki na breki za kukanyaga mara mbili, na ya tatu kanyagio linakuwa gumu kabisa. Nilimweleza baba, kisha nikamwonyesha. Uwanja wa nyumbani umeinama kidogo kuelekea zizini. Nilimwambia azime, aachilie lori litembee, akanyage. Mara ya kwanza breki zilishika, mara ya pili zikashika kidogo. Mara ya tatu akakanyaga kwa ule mguu wake mnene hadi akanyanyuka kitini, na lori tupu likaendelea polepole mpaka likaegemea rundo la magogo.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona, chepto." Chepto ni msichana kwa Kikipsigis. Huniita hivyo mpaka leo, na nina mvi.

"Usizime injini kwa mteremko. Hata siku moja, baba."

"Nimesema nimeona."

Safari ya kwanza yenye mzigo nilikaa kando yake. Alishuka mteremko wote kwa gia ya tatu, injini ikiguruma, macho mbele, mkono kwenye usukani. Vilevile safari ya pili na ya tatu. Nikarudi kazini Kericho nikiwa na amani.

Wiki tano baadaye jirani anayeishi karibu na daraja alinipigia simu nikiwa chini ya gari la mteja.

"Mzee wako amepita hapa sasa hivi," akasema. "Injini haisikiki kabisa. Ameona inamshinda akaingiza lori kwa fensi yangu, ndiyo ikasimama. Fensi si kitu, tutarudishia. Lakini watoto wa shule walikuwa wamevuka tu hiyo daraja."

"Yeye ameumia?"

"Ako sawa. Amewasha akaenda kiwanda na mzigo wake. Lakini kuja uongee na yeye."

Nilifika nyumbani jioni ileile, jua likiwa bado juu ya chai, nikaingia chini ya lori kabla sijamsalimia mtu. Mabomba hayakuvuja. Busta ilikuwa nzima. Breki zilikuwa kama nilivyozifunga. Basi jibu lilikuwa moja, nami nikaenda nalo ndani huku mikono ikiwa na grisi.

"Ulizima," nikamwambia baba.

"Sijazima. Breki ilikataa tu."

"Breki haiwezi kukataa kama injini inawaka."

"Tangu uniambie sijazima hata mara moja. Kwa nini nizime na uliniambia?"

Aliniangalia usoni bila kupepesa. Hapo ndipo hasira ilinipanda, kwa sababu nilidhani ameshika uongo wake kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Baba, wewe ni mwongo." Kwetu mtoto hamwambii mzazi hivyo, hata awe fundi wa namna gani. Baba alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe. Mama alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa pale mlangoni, na hakuinua kichwa.

Nililala kwetu. Asubuhi baba alipakia magogo na vijana wawili wa kukodi, ambao kazi yao ilikwisha mzigo ulipofungwa kamba. Nikashangaa kumwona mama akitoka na buti za mvua, koti, na chupa ya chai. Mama huyu kwa miaka yote alisema kiti cha lori kinamuua mgongo.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa dada yangu, kule kiwandani. Huwa naenda na yeye."

"Kila siku?"

"Siku hizi, ndiyo. Jana tu ndio sikuenda, tulikuwa na mkutano wa akina mama kanisani."

Nilimwambia naenda nao, asogee dirishani mimi nikae katikati, mahali penye joto la injini. Alikataa. "Hapa ndipo pangu," akasema, akajiweka katikati. Nami nikakaa mlangoni, bado nimemnunia baba.

Baba hana kinyongo. Alianza kutusimulia habari za ng'ombe mmoja aliyeshindwa kuzaa na daktari wa mifugo aliyekuja na viatu vya mjini akateleza zizini. Tulicheka. Mzigo ulikuwa mbichi na mzito, mbao za bodi zililia kila tulipopita shimo. Tukafika juu ya mteremko. Mvua ya jana ilikuwa imeacha murram inang'aa, na kule chini daraja lilionekana jembamba. Katika hadithi yake baba alikuwa amefika pale daktari anaposhika mkia wa ng'ombe ili asianguke. Akaweka nyutro. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye dashibodi, ukavuta kishikio.

Injini ikafa. Nikasikia kokoto chini ya matairi, na magogo yakisukumana nyuma yetu. Baba hakukatiza hata neno moja. Aliendelea na daktari wake na mkia wake, uso umetulia, na lori likaanza kushika kasi.

Mama alinyoosha mkono, akarudisha kishikio ndani, akabonyeza cha kuwashia. Injini ikaitika.

"Gia, baba watoto," akasema, kwa sauti ileile anayosemea chai iko tayari.

Baba akaingiza gia ya tatu. Lori likajizuia. "Sasa huyo daktari," akasema, "si akaomba maji ya kunawa." Tukavuka daraja.

Nilimtazama usoni njia yote iliyobaki nikitafuta dalili ya mtu anayeficha kitu. Hakukuwa na kitu. Hakujua kwamba amezima, wala kwamba mama amewasha.

Kiwandani baba alienda kuzungumza na karani wa mizani. Mimi nikamvuta mama nyuma ya rundo la kuni.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Nilipanda tu siku moja kwenda kwa dada, nikaona."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia. Mara ya kwanza alifikiri namtania. Mara ya pili aliogopa sana, na kesho yake akazima tena. Kwa nini nimwogopeshe kila siku?"

"Na mimi? Kwa nini hukunipigia?"

"Ungekuja kumchukulia lori. Halafu ningebaki naye nyumbani akiniuliza lori iko wapi."

"Leo nakitoa hicho kishikio," nikasema. "Nitaweka cha ufunguo. Yataisha."

"Toa," mama akasema. Alikuwa akifunga na kufungua kifuniko cha chupa ya chai. "Alhamisi alisimama pale njia panda ya kiwanda. Barabara amepita maisha yake yote. Akaniuliza, mama watoto, tunashika wapi? Hiyo utaitoa na spana gani?"

Nilimwona baba kule kwenye mizani akicheka na karani, amevaa kofia yake, mtu mzima mwenye kazi yake. Nikakumbuka nilivyomwita jana. Nilitaka kwenda kumwomba msamaha, na sikuweza, kwa sababu ningemwomba msamaha wa nini bila kumwambia yote?

Wakati wa kurudi nilimwomba baba niendeshe, nikasema nataka kuisikiliza injini. Alinipa kiti mara moja. Nyumbani nikamwambia kuna sauti siipendi kwenye pampu ya dizeli, na kwamba lori lisitembee mpaka niifanyie kazi. Hakubisha. "Wewe ndiye fundi," akasema. Alikuwa tayari amesahau kwamba nilimkosea, au amenisamehe. Siwezi tena kutofautisha.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Kila Jumamosi naenda nyumbani na kufungua boneti. Baba hutoka na kigoda chake, akakaa karibu na gurudumu la mbele, sanduku la spana miguuni. Huniuliza ilikuwa na shida gani, nikamweleza. Baada ya muda huniuliza tena, nikamweleza tena, vilevile, ili maneno yangu yasigongane. Huniuliza kama kiwanda kimepiga simu kuulizia kuni. Namwambia bado.

Wiki iliyopita aliniuliza kama ni yeye aliyeiharibu. Nilimwambia hapana, baba, ni pampu tu, imechoka. Akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akainama sandukuni, akachagua spana namba kumi na saba bila kuangalia namba, akaninyooshea kabla sijaiomba. Ilikuwa ndiyo hasa. Nikaipokea, nikafungua boliti ile niliyoifunga Jumamosi iliyotangulia, huku baba akiniangalia na kusubiri lori lake lipone.