Ukuta wa Mama Sabuni

Mtoto wa kaka yangu ana tovuti ya habari, na pembeni mwa habari zake kuna tangazo la dawa ya kunenepesha makalio kwa wiki moja. Nilimuuliza kama anamjua muuzaji. Akacheka, akasema, "Shangazi, mie natoa nafasi tu." Nilikasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, maana bibi yake mzaa baba, mama yangu mimi, ndiye aliyekataa kutoa nafasi.

Nyumba yetu ilikuwa Manzese, ukuta wa mbele ukitazama Barabara ya Morogoro. Enzi za ruksa zilipofika na biashara ikafunguliwa, bidhaa zilimiminika mpaka zikakosa pa kujitangazia, na kampuni moja ya sabuni ikaomba kuchora ukuta wetu. Mama alikubali kwa furaha, kwani rangi ilikuwa imebanduka zamani. Wakachora povu, beseni na mwanamke anayecheka.

Kuanzia kesho yake watu wakawa wanabisha hodi kutaka sabuni. Uswahilini kwetu, picha ikiwa ukutani mwako, mali ni yako; mwenye kampuni nani anamjua? Mama alieleza mpaka akachoka, akaishia kuitwa Mama Sabuni. Kisha jirani mmoja akaja na kanga iliyochujuka kwa sabuni ile, akaitandika barazani petu, akamlaumu mama kwa uchafu anaouza. Mama hakuwahi kumuuzia mtu hata kipande. Lakini aliingia ndani, akatoa kanga yake mpya ambayo hata harufu ya dukani ilikuwa haijaisha, akampa. Mimi nililalamika sana. Mama akasema yule jirani aliamini ukuta wetu, basi.

Baadaye akaja kijana mwenye tai, na krimu ya kung'arisha ngozi. Picha yake ilikuwa ya msichana mwenye uso nusu mweusi, nusu rangi ya papai bivu. Huyu hakutaka bure: angetuezekea nyumba nzima kwa mabati mapya. Baba masikio yakamsimama. Alikuwa amepunguzwa kiwandani, paa limeliwa na kutu, na masika yako mlangoni. Mama akakataa. Mtaa wa pili kulikuwa na binti aliyeunguzwa mashavu na krimu ya namna ile, akawa anajifunika mtandio hata jikoni kwao.

Baba alichachamaa. Alisema ukuta hauna mdomo, na kila mtu ana akili zake za kuchagua. Mama akamjibu, "Hii ikimuunguza mtoto wa mtu, hawatamfuata huyo kijana mjini. Watabisha hapa. Na mie niwaambie nini, kwamba huu ni ukuta tu?"

Walinuniana mpaka mvua za kwanza zikaanza. Yule kijana, mjanja kweli, akarudi na mabati yakiwa yameshapakiwa kwenye pikapu. Baba mwenyewe ndiye aliyemkaribisha ndani. Mama hakugomba. Alimpa chai, akamuuliza kwa upole kama mkewe nyumbani anaipaka.

"Hapana, mama," kijana akajibu akitabasamu. "Mke wangu ana rangi yake nzuri tu."

Baba alimtazama. Kisha akatutazama sisi binti zake, weusi kama chungu, tuliokuwa tumesimama mlangoni. "Na hawa je?" akauliza. Kijana akanyanyua kikombe ambacho hakikuwa na kitu ndani. Baba akamsindikiza hadi kwenye pikapu, akamsaidia kukaza kamba iliyolegea juu ya mabati aliyoyatamani vile, akamuaga.

Masika yale tulihamisha mabeseni chumba hadi chumba. Siku moja wageni wetu kutoka Bunju walidondokewa na maji kwenye pilau, wakamuuliza baba kwa nini haezeki upya. Baba akavuta pumzi, kifua mbele.

"Mapaa ya watu yanavuja kwa umaskini," akasema. "Hili linavuja kwa hiari yetu."